Namba ya Mpaka na Migomba ya Mama

Jumanne, 6 Mei 2025

Kalkuleta imenishinda. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia bila kuchekwa. Miaka kumi na mitatu mimi ni bibi shamba, nimefundisha wazee wenye mvi kupogoa mibuni yao wenyewe, leo nimeshindwa na kitu chenye ukubwa wa kandambili.

Dokta Sylvanus ametugawia tano, darasa la watu kumi na wanane. Zina kioo kikubwa cha kuchorea grafu. Mimi na Mwalimu Alawi tunashirikiana moja. Shida yake ni hii: ukiipa namba ya kai-skwea, inakuambia eneo lililobaki upande wa kulia, yaani ule mkia. Ukitaka kinyume — una eneo, unatafuta namba — inakutazama tu. Haina kitufe cha kurudi nyuma.

Na mimi ninachotaka ni hicho cha kurudi nyuma! Namba ya mpaka. Digrii za uhuru nne, eneo la kulia 0.05. Jedwali alilotupa Dokta ni fotokopi ya fotokopi, mstari wa nne umemwagikiwa wino. Simu ingenijibu kabla sijameza mate. Lakini Dokta amesema simu haiingii chumba cha mtihani, kwa hiyo kila mtu ataandika programu yake ya kuitafuta namba hiyo, ataieleza, na ataiambatanisha kwenye ripoti. Mwisho tarehe 30.

Nina miaka thelathini na tisa. Nani alinituma kurudi shule?

Alhamisi, 8 Mei

Ngoja nijikumbushe kwa nini najitesa.

Ripoti yangu ni ya kahawa ya kwetu Masama. Swali: je, kahawa iliyo chini ya migomba mingi inaugua chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha punje, kuliko iliyo kwenye uwazi? Nilizunguka mwezi mzima na fomu. Kaya mia moja. Nimezipanga: migomba mingi, ya wastani, michache, ugonjwa mkali, kidogo, hakuna. Masanduku tisa, matatu kwa matatu, ndiyo hizo digrii za uhuru nne. Nikishapata kai-skwea yangu, namba inayoonyesha masanduku yamepishana kiasi gani na bahati nasibu, naipima na namba ya mpaka. Ikivuka, uhusiano upo. Isipovuka, huenda ni bahati nasibu tu, sina la kusema.

Kwa Dokta ni ripoti. Nyumbani ni kesi. Tangu nikiwa mdogo baba anasema migomba ya mama inamnyonga kahawa wake — ndivyo anavyomwita, kama mtu. Mama anajibu kwamba kahawa haijawahi kupika mtori wa ndizi. Kwetu kahawa ni ya baba na migomba ni ya mama, shamba ni hilo hilo moja, kihamba cha ukoo. Mwaka jana chulebuni ilipoangusha karibu kila punje wakaacha hata kusalimiana vizuri. Ndipo mama akasema, basi, tusubiri hesabu ya Anyesi. Baba akakubali. Tukapeana mikono watatu, jikoni.

Ile mistari mitatu ya migomba ya mama, aina ya mshare, karibu na mibuni ndiyo inayosubiri kukatwa au kubaki. Ndizi zake ndizo anazoshusha soko la Kwa Sadala. Ndizo zilizonisomesha.

Ijumaa, 9 Mei

100.

Jibu la programu yangu ni 100. Nimejaribu mara sita. Mia moja kamili, haina aibu.

Jumapili, 11 Mei

Nimepanda nyumbani kwa ibada. Mvua, tope, viatu vya kanisani nimevibeba mkononi kama zamani. Baba hakungoja hata shikamoo ikamilike. Akauliza kalkuleta imesema nini. Nikamwambia bado inafikiri. Akasema wazungu wametengeneza kitu kinachofikiri polepole kuliko baraza la usharika.

Mama alinipa mtori, akanitazama nikila, akaniongeza.

Baba mdogo Leonce naye akaja kutoka nyumba ya pili na mwanawe Given, hatua hamsini tu, kusikiliza habari za hesabu. Wote watatu walijaza fomu yangu, baba, Leonce na Given, kila mmoja kwa nyumba yake. Wote watatu wana hakika wameshashinda. Hakuna mwanamume kwenye kihamba hiki aliye upande wa migomba.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nilifurahi kwa dakika kama ishirini.

Programu yangu inafanya hivi. Inaweka ukuta wa chini sifuri na wa juu mia. Inachukua katikati, inauliza eneo la hapo. Kisha inasogeza ukuta mmoja mpaka katikati, inagawa tena, inagawa tena, mpaka kuta zikutane. Ni kama kumtafuta kuku kwenye banda, unamfungia nusu moja, halafu nusu ya nusu. Kuku wangu alikuwa anakimbilia mia kila siku. Basi nikabadilisha: badala ya kuhesabu eneo kutoka katikati kwenda kulia, nikaiambia ihesabu kutoka sifuri hadi katikati.

0.7107!

Nikampelekea Alawi dukani kwa shemeji yake, anakomsaidia kuuza jioni akitoka kufundisha. Akaangalia. Akaweka kalkuleta chini taratibu. Akaniuliza, dada Anyesi, kai-skwea yako wewe ni ngapi? Nikasema 11.62. Akauliza, na kama ingekuwa moja? Nikasema ingevuka pia. Na moja unusu? Ingevuka. Akasema, basi kwa mpaka huo hata wanaovaa kofia na wanaopenda chapati watakuwa na uhusiano.

Akanichorea kwenye karatasi ya kufungia sambusa. Mlima wenye kilele karibu na mwanzo na mteremko mrefu kwenda kulia. Nimeshika mkia wa kushoto. Ninautaka wa kulia. Karatasi ninayo hapa, ina mafuta.

Nilikasirika. Si kwa sababu alikosea. Kwa sababu alikuwa sahihi mbele ya wateja.

Jumatano, 14 Mei

Nimerudisha eneo la kulia, nimegeuza na alama ya ulinganisho ambayo kumbe niliiweka kinyume tangu siku ya kwanza. Ndiyo iliyokuwa inamkimbizia kuku kwenye mia.

Sasa haisimami. Kile kimstari kidogo pembeni juu ya kioo kinazunguka tu. Nimepika ugali, nimekula, nimeosha vyombo — kinazunguka. Betri zikafa. Nimenunua nne mpya hapa Moshi, muuzaji ameapa ni orijino. Baada ya saa mbili nazo zikafa. Orijino ya nani?

Sitaki kumuuliza Alawi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemuuliza Alawi.

Nilikuwa nimeiambia isimame kuta mbili zikiwa sawa kabisa, na mwanzoni zilikutana. Akasema ile ilikuwa bahati, haziwi sawa kabisa, dada, hata mizani ya chama cha kahawa haifiki huko. Iambie isimame pengo likiwa dogo la kutosha. Nikauliza dogo la kutosha ni lipi, nani anaamua? Akasema, wewe. Hilo ndilo jambo la kwanza kwenye hesabu hii yote ambalo mtu ameniambia niamue mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

9.4877.

Nimerudia na digrii moja, ikanipa 3.8415. Mbili, 5.9915. Hiyo mistari kwenye jedwali inasomeka, zote zinalingana. Programu yangu inafanya kazi. Yangu! Mistari kumi na nne, nimeiandika kwa kidole changu hiki, hakuna aliyeniandikia. Dukani Alawi alisimama, akanipa mkono, na mkewe Rukia akatoa sambusa za bure.

Na kai-skwea yangu 11.62. Imevuka.

Niliruka. Nakiri. Nilipiga simu nyumbani pale pale barazani, nikasema, baba, imevuka. Hakuuliza imevuka nini. Akasema ahsante mwanangu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipofaulu darasa la saba.

Sikuomba kuongea na mama. Nilijiambia salio linaisha. Salio lilikuwepo.

Jumapili, 18 Mei

Baba ametangaza. Baada ya ibada, nje ya kanisa, kwa wanachama wote wa kahawa. Agness, jirani yetu, amenipigia kunipa pongezi na lawama pamoja. Anasema baba yangu, mzee Gerson, amesema kompyuta ya chuo imepima Masama nzima na kukuta migomba ndiyo mchawi. Kamati ya chama itakuja kwetu Jumapili ijayo saa tisa kuona mfano wa shamba lililosafishwa. Wanaume wengine watafuata.

Kompyuta ya chuo. Masama nzima. Mimi nilisema neno moja.

Agness anauliza na yeye akate? Nikamwambia asubiri. Asubiri nini, akauliza.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeomba ruhusa kazini nikapanda. Nilitaka kumwangalia mama usoni mwenyewe.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alikuwa shambani anakusanya majani ya ng'ombe, akasema, kama hesabu imesema, imesema, hukuwahi kukosa hesabu wewe. Akasema ataikata mwenyewe mistari yote mitatu. Mgomba wa mke haukatwi na mume. Akiukata, majirani wanaelewa nyumba imevunjika. Atakata yeye, ijulikane alikubali.

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia si kwetu tu, mama, ni kaya mia moja, hata ya baba mdogo Leonce chini ya migomba mingi imeugua vibaya, hata ya Given.

Akaacha kukusanya. Akauliza, ya Leonce ipi?

Kahawa ya Leonce.

Leonce ana kahawa?

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono, akanipeleka pale kati ya nyumba yetu na ya baba mdogo. Akanionyesha chini. Unaona masale hapa? Sikuona. Hakuna hata jani moja la isale, mmea wetu wa mpaka, kutoka mlango wetu hadi wa Leonce hadi wa Given. Hawajagawana. Bibi yangu, mama wa baba na Leonce, bado yupo hai, na akiwa hai hakuna atakayepanda mpaka. Mibuni ni ile ile. Wanavuna pamoja, wanapeleka chama kwa kitabu kimoja, cha baba.

Mimi nimezaliwa hapo! Nimechezea mibuni hiyo hiyo! Na nilikaa sebuleni kwa Leonce na fomu, nikamuuliza una kahawa, akasema ninayo, nikaandika. Nikaenda kwa Given, akasema ninayo, nikaandika. Mibuni ile ile imeugua mara tatu kwenye karatasi zangu.

Nilimuuliza mama kwa nini wasiseme ni ya baba. Akanitazama kama mtu aliyetoka mbali. Akasema mwanamume ana nyumba, ana mke, anaulizwa na serikali kama ana kahawa. Ulitaka ajibu hana?

Ijumaa, 23 Mei

Fomu zote mia moja ziko sakafuni, chumba kizima, sina pa kukanyaga.

Swali la 14: namba ya kitabu cha chama. Niliuliza mwenyewe! Niliiweka ili fomu ionekane ya kitaalamu. Sikuiangalia hata mara moja. Leo nimeipanga. Kitabu kimoja, fomu tatu. Kingine, fomu mbili. Ndugu na ndugu, baba na mwana, kila mmoja "yangu". Jumla fomu kumi na moja ni za mibuni iliyokwisha kuhesabiwa. Na saba kati ya hizo zimo kwenye sanduku moja, migomba mingi na ugonjwa mkali. Ina maana yake: kaya zinazobanana kihamba kimoja ndizo zenye migomba mingi, watu wengi wanakula.

Kaya themanini na tisa. Nimehesabu upya.

5.59.

Nimeihesabu kwa mkono pia, kwa penseli. 5.59. Mpaka ni 9.49. Haijavuka, haijakaribia hata.

Wiki mbili nagombana na kalkuleta. Naibishia, naitukana, naibadilishia betri. Haikuwa na kosa lolote, masikini. Kila nilichoipa ilikihesabu vizuri.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi nimempigia Dokta Sylvanus. Hakushtuka. Kasema niandike kama ilivyo, kutoona uhusiano nako ni matokeo, na kugundua kosa langu mwenyewe kutaniongezea alama. Alama! Nikamwambia kuna migomba itakatwa. Akasema hilo sasa liko nje ya ripoti.

Alawi nilipomweleza akasema, dada, nenda kawaambie leo. Sikutaka kupanda. Nimepanda.

Baba alikuwa anapaka chokaa mawe ya njiani, kwa ajili ya kamati. Nilimwambia yote, nimesimama. Swali la 14, vitabu, fomu kumi na moja. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza, maana alielewa. Baba si mjinga. Halafu akasema namba haiwezi kuvuka Jumamosi moja na kurudi Jumamosi nyingine. Akasema, na Jumamosi ijayo?

Nikamwambia nilikosea kuhesabu watu. Akasema unataka nisimame mbele ya kamati niseme Leonce hana kahawa? Given, mwenye mke wa juzi, hana kahawa? Utawavua nguo ndugu zako kwa ajili ya desimali?

Akarudi kwenye mawe yake. Akaongeza bila kunitazama kwamba kama kesho nitasema lolote, niseme wao wakishaondoka.

Mama alikuwa jikoni, alisikia. Alinipa kitanda changu cha zamani na blanketi mbili.

Jumapili, 25 Mei

Saa moja asubuhi. Mvua imekatika. Baba ameshakwenda kanisani, yeye ni mzee wa zamu. Naandika mezani sebuleni.

Mama hajavaa nguo za kanisani. Amevaa mabuti na khanga ya shamba, panga ameshalinoa, nimelisikia linanolewa. Amesimama mlangoni. Ameuliza, nikate au nisikate?

Nimemwambia, mama, hesabu haijavuka. Akasema hilo nimelisikia jana. Ina maana migomba yangu haina kosa?

Na hapo ndipo nilipokwama, maana jibu la kweli ni kwamba haina maana hiyo. 5.59 haisemi migomba haina kosa. Inasema mimi sina ushahidi. Inawezekana baba ana haki. Inawezekana mwakani nikihesabu vizuri, mti kwa mti, ikavuka. Nilimweleza hivyo, neno kwa neno, kama Dokta anavyotueleza darasani.

Akanisikiliza. Akasema, nilikuuliza kukata.

Wiki iliyopita nilisema neno moja kwa simu, na neno hilo limefika kanisani, limefika kwa kamati, linataka kufika kwenye mshare wa Agness. Lilikuwa jepesi. Leo ninalo jingine, fupi kama lile, na nikilisema atalishika na kusimama nalo mbele ya baba na kamati nzima saa tisa, peke yake, kwa sababu mimi sijawahi kukosa hesabu.

Nikisema kata, naikubali ile 11.62 ya uongo na mama anaikata migomba kwa uongo huo. Nikisema usikate, namwekea mama ugomvi mkononi na simwachii ushahidi wowote, na baba mdogo Leonce atajua ni mimi niliyesema hana kahawa. Nikinyamaza, atakata. Yeye kunyamaza kwangu ameshakuzoea. Siku ile ya simu sikuomba kuongea naye.

Nimemwambia nisubiri kidogo mama, naandika kitu. Amesema andika.

Bado amesimama. Amelibana panga kwapani, anafunga upya khanga kiunoni. Kupitia mlango naiona mistari yote mitatu nyuma yake, na mkungu mmoja umeshainama, umebakiza kama wiki mbili ukomae. Ananiangalia nikiandika. Anadhani nahesabu.